Nyumba ya Baba, Leseni ya Mwana: Mkopo wa Benki Unavyolipia Mafunzo ya Urubani

Kijana wa Unguja au Pemba anayesema anataka kuwa rubani hazungumzii jambo la kufikirika. Ndege ndogo za Cessna Caravan zinapita juu ya Kiembesamaki asubuhi hadi jioni, Dar es Salaam dakika 20, Pemba nusu saa, na marubani wake anawaona kwa macho, wengine wamemzidi miaka michache tu. Kinachomshinda ni ada. Mafunzo kamili ya kufikia leseni ya rubani wa biashara, pamoja na kibali cha kuruka kwa kusoma vyombo na kibali cha ndege ya injini mbili, hugharimu makumi ya maelfu ya dola popote utakapoyasomea. Familia zenye fedha hizo mkononi ni chache, na hapo ndipo benki inapotajwa.

Nataka kueleza jambo ambalo wazazi wengi hulitambua saini ikiwa imeshakauka: benki haimkopeshi rubani. Inamkopesha mwenye nyumba, au mwenye mshahara, ambaye ana mtoto anayetaka kuwa rubani. Leseni si dhamana. Benki haiwezi kuinadi. Ukilishika hilo, masharti mengine yote, hata yale yanayoonekana ya kikatili, yanaanza kueleweka, na unajua pa kubishana na pa kunyamaza.

Kinachonunuliwa ni saa

Masharti ya chini ya leseni hutoka katika Kiambatisho cha Kwanza cha Mkataba wa Chicago wa 1944, unaosimamiwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Leseni ya rubani binafsi, ambayo marubani wote huiita PPL, inataka saa 40 za kuruka, au 35 ndani ya kozi iliyoidhinishwa. Leseni ya biashara, CPL, inataka saa 200, au 150 kwa kozi iliyoidhinishwa. Katika hizo 200, saa 100 lazima mwanafunzi awe ndiye rubani kiongozi, na lazima afanye walau safari moja ya kilomita 540 akitua katika viwanja viwili tofauti njiani. Umri wa kuanza kushika CPL ni miaka 18.

Saa hizo ndizo zinazokula fedha. Ndege ya mafunzo kama Cessna 172 inakunywa lita 30 na kitu kwa saa, na si mafuta yale yanayotiwa kwenye Caravan. Caravan ina injini ya turbini, inatumia mafuta ya jeti yanayopatikana kila kiwanja kikubwa. Cessna 172 nyingi zinatumia petroli maalumu ya ndege, avgasi, ambayo Afrika Mashariki huletwa kwa kiasi kidogo na kwa bei ya juu. Ongeza mkufunzi aliyekaa pembeni, bima, na ukaguzi wa ndege kila inapotimiza saa 50 na saa 100. Haya yote yamo ndani ya bei ya saa moja, na nyingi ya gharama hizo ni za dola.

Jambo la kuangalia hapa ni kwamba 200 ni kiwango cha chini. Wanafunzi wengi hukipita. Mvua za masika zinafunga anga wiki nzima, ndege inaingia matengenezo, mtihani mmoja unarudiwa. Sababu kubwa kuliko zote, kwa familia zetu, ni fedha kukatika. Mwanafunzi anayekaa chini miezi mitatu akisubiri awamu ya pili ya mkopo anarudi mkono umekuwa mzito; mkufunzi hawezi kumruhusu aruke peke yake mpaka arudie mazoezi aliyokwisha kuyalipia. Kwa hivyo mkopo unaochelewa haucheleweshi masomo tu, unayapandisha bei.

Pa kusoma papo kadhaa: Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, Dar es Salaam, vyuo vya uwanja wa Wilson, Nairobi, Ethiopia, Afrika Kusini. Kwa kuwa usafiri wa anga ni jambo la Muungano, atakayemtambua kijana wetu kuwa rubani ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, hata kama atafanya kazi maisha yake yote kati ya uwanja wa Unguja, pale Kisauni, na uwanja wa Pemba. Aliyesoma nje anarudi na leseni ya nchi nyingine, na ili aitumie hapa kwa ndege zilizosajiliwa Tanzania lazima apitie taratibu za TCAA, zenye mitihani na ada zake. Bajeti nyingi nilizoziona zinaishia siku ya kupokea leseni ya nje. Miezi ya baada ya hapo nayo inataka nauli, ada na chakula.

Kabla ya kwenda mbele, neno moja kuhusu bodi za mikopo. Iko Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, na iko ile ya Bara. Zote mbili zimejengwa kwa ajili ya elimu ya juu, na leseni ya rubani peke yake si shahada. Kama chuo kinatoa urubani ndani ya programu yenye stashahada au shahada inayotambulika, ulizeni bodi kwa maandishi ni sehemu gani wanaweza kuibeba. Msichukue jibu la mdomo la jamaa aliyesikia kwa jamaa.

Dhamana: pale familia inapokwama

Tuchukue familia ya kubuni, ya Wete. Baba ana shamba la mikarafuu na nyumba ya mawe mjini. Mama anasomesha skuli ya serikali. Mtoto amemaliza kidato cha sita na amepata nafasi chuoni. Baba anakwenda benki na bahasha yake. Kijana wa mikopo anasoma karatasi, kisha anauliza kwa adabu:

"Mzee, nyumba hii ni yako peke yako?"

"Ni yetu, mwanangu. Ametuachia marehemu baba."

Mazungumzo yanaishia hapo, na baba anarudi nyumbani akidhani amedharauliwa. Hakudharauliwa. Nyumba ya mirathi ambayo haijagawiwa ni ya warithi wote, na benki haiwezi kuipokea kwa saini ya mmoja. Ama ndugu wote watie saini, na shangazi aliyeolewa Mombasa naye, ama mirathi ipite mahakamani kwanza kila mtu ajulikane fungu lake. Nyumba ya wakfu haiwekwi rehani kabisa. Eka tatu walizogaiwa wazee baada ya Mapinduzi ya 1964 zina masharti yake, na si rahisi kuziweka mezani. Ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma. Mtu anakuwa na haki ya kuitumia, na kinachoweza kuwekwa rehani ni haki hiyo pamoja na kilicho juu yake, mradi kimesajiliwa. Nyumba nyingi za vijijini, na hata za mtaa wa Ng'ambo mjini Unguja, zina thamani kubwa na karatasi dhaifu: mkataba wa mauziano ulioshuhudiwa na sheha, barua ya zamani, basi.

Kwa hiyo maandalizi ya mkopo wa urubani huanza na usajili wa nyumba, na usajili huchukua muda. Mzazi mwenye mtoto wa kidato cha tatu anayetamani anga afadhali ashughulikie hati leo kuliko kusubiri barua ya chuo. Na akae na ndugu zake mapema, mezani, si kwenye simu. Nyumba ya mirathi ikiuzwa na benki kwa ajili ya mtoto wa ndugu mmoja, ukoo haurudi kuwa ulivyokuwa.

Njia ya pili ni mshahara wa mama. Mikopo ya watumishi wa umma ni rahisi kupata kwa sababu rejesho linakatwa kabla mshahara haujamfikia. Lakini kiasi kinachoweza kukatwa kina mpaka, na mshahara wa mwalimu hauwezi kubeba ada yote ya urubani. Unaweza kubeba PPL, na nitarudi kwenye hilo, kwa kuwa naliona ndilo jambo la busara kuliko yote katika makala haya.

Ya tatu ni wadhamini. Mjomba mwenye duka Darajani anaambiwa atie saini "kama shahidi tu". Si shahidi. Mdhamini ni mdaiwa wa akiba: siku rejesho likikatika, benki ina haki ya kumwendea yeye, na jina lake linaweza kuingia katika kumbukumbu za taasisi za taarifa za mikopo ambazo benki zote huzitazama. Akija kutaka mkopo wa duka lake mwaka ujao, atakuta mlango umefungwa kwa deni asilolila.

Kuhusu karafuu: zao hili linalipwa kwa msimu, pale ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, inapopokea mzigo, na miti yenyewe mwaka mmoja huzaa sana, mwaka mwingine inapumzika. Benki inataka rejesho kila mwezi. Watu wengi hawajui kwamba ratiba ya marejesho inajadiliwa. Benki zinazokopesha kilimo zinakijua kipato cha msimu, na familia yenye stakabadhi za mauzo ya miaka kadhaa inaweza kuomba rejesho dogo la kila mwezi na kubwa la msimu. Bila stakabadhi, hakuna mazungumzo.

Asilimia 15 mbili zisizofanana

Sasa hesabu. Tuseme ada yote ni dola 50,000, na dola moja ni shilingi 2,600. Hiyo ni milioni 130. Riba za benki za Tanzania kwa miaka mingi zimekuwa zikizunguka asilimia 15 kwa mwaka kwa wastani, basi tutumie hiyo, kwa miaka saba.

Riba ikiwa ya kupungua, yaani inapigwa kwenye salio lililobaki tu, rejesho ni kama milioni 2.5 kwa mwezi na jumla yote inakuwa karibu milioni 211. Riba ikiwa isiyopungua, inapigwa kwenye milioni 130 zote kila mwaka hata pale ulipokwisha kulipa nusu. Rejesho linakuwa karibu milioni 3.2 na jumla milioni 266.5. Zote mbili zinaandikwa asilimia 15. Tofauti ni zaidi ya milioni 55, na imefichwa katika neno moja la mkataba. Ndiyo maana swali la kwanza kwa afisa wa mikopo lisiwe "riba asilimia ngapi?" bali "nikilipa mpaka mwisho, jumla nitakuwa nimetoa shilingi ngapi?" Omba jedwali la marejesho lililochapishwa, mwezi kwa mwezi, uende nalo nyumbani.

Kisha kuna kipindi cha kutolipa, ambacho familia huomba ili mtoto amalize masomo kwanza. Kinasikika kama huruma. Lakini mara nyingi riba haisimami wakati huo. Inaongezwa juu ya deni. Milioni 130 zikikaa miaka miwili hivyo zinakuwa milioni 175 kabla hujalipa hata senti. Ukilipa deni hilo kwa miaka mitano inayofuata, rejesho ni karibu milioni 4.2 kwa mwezi, na jumla ni milioni 250. Mshahara wa rubani msaidizi anayeanza kwenye ndege ndogo hauwezi kubeba mzigo huo na kumlisha pia. Ulizeni yeyote aliyeanza karibuni, atawaambia.

Kuna dawa mbili za kupunguza. Ya kwanza ni kulipa riba peke yake kila mwezi wakati wa masomo, hata kama hupunguzi mkopo wenyewe; deni linabaki milioni 130. Ya pili ni kutochukua fedha zote siku moja. Mkopo huo huo ukitolewa kwa awamu nne za milioni 32.5, kila miezi sita, mwisho wa miaka miwili deni linakuwa karibu milioni 157 badala ya 175. Ni milioni 18 zilizookolewa kwa sababu tu fedha zilikaa benki mpaka zilipohitajika.

Riba, na njia za kuikwepa

Kwa Wazanzibari wengi hesabu niliyoifanya hapo juu haifiki hata mezani, kwa kuwa riba ni haramu na hawataki ilipe masomo ya mtoto. Ni msimamo wa kuheshimiwa, na kuna milango. Benki ya Watu wa Zanzibar, PBZ, iliyoanzishwa 1966, ina huduma za Kiislamu. Amana Bank ilianza 2011 ikifuata sharia katika shughuli zake zote. Na benki nyingine kubwa zina madirisha ya aina hiyo. Jambo la kuelewa ni kwamba urubani si bidhaa, na hili linabadilisha umbo la mkataba.

Murabaha inafaa kwa gari au mabati: benki inanunua kitu, inakimiliki, inakuuzia kwa bei ya juu inayojulikana, unalipa kidogo kidogo. Mafunzo hayana boneti ya kufungua. Kinachowezekana ni ijara ya huduma: benki inanunua kwa chuo haki ya mtu kufundishwa, kisha inaiuzia familia haki hiyo kwa bei iliyokubaliwa na kwa malipo ya baadaye. Bei hiyo ikishaandikwa haipandi, hata kijana akikaa mwaka bila kazi. Tozo ya kuchelewa, ikiwepo, inapaswa kwenda kwenye sadaka na si kwenye faida ya benki. Hii ni nafuu kubwa kwa kazi ambayo ajira yake ya kwanza haina tarehe.

Ila haina maana kwamba ni rahisi. Faida ya benki ya Kiislamu nayo ni fedha, na inaweza kuzidi riba ya jirani. Linganisha jumla kwa jumla. Na uliza mapema kuhusu kulipa kabla ya wakati: kwenye mkopo wa riba inayopungua, ukilipa mapema riba iliyobaki inakatika yenyewe, kwenye mauzo ya bei maalumu deni ni lile lile, na punguzo, ibra, hubaki hisani ya benki isipokuwa imeahidi.

Utakutana pia na tawaruki, ambapo benki inakuuzia bidhaa fulani kwa mkopo na hapo hapo inakusaidia kuiuza ili upate fedha taslimu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Sharjah mwaka 2009, liliikataa tawaruki inayopangwa na benki. Wanavyuoni wengine wanairuhusu kwa masharti. Ni swali la kumpelekea sheikh unayemwamini ukiwa na mkataba wenyewe mkononi, si maelezo ya kipeperushi.

Na ipo qardhi hasana, mkopo usio na riba, ya ukoo. Tunachangishana harusi za mamilioni; sioni kwa nini tusichangishane PPL. Tatizo lake ni kwamba haiandikwi. Aya ya deni, ya 282 katika Suratul Baqara, ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, na inaamuru deni liandikwe na lishuhudiwe. Ami aliyeko Oman aliyetoa dola 5,000 aandikiwe kama benki ingeandikiwa, na tarehe ya kuanza kurudishiwa.

Shilingi dhidi ya dola

Mkopo ni wa shilingi, ada ni ya dola. Benki haipendi kumkopesha dola mtu anayepata shilingi, na ina haki, kwa kuwa dola ikipanda deni lingemshinda. Lakini hatari haikuondoka, imehamia upande wa ada. Kwa miaka kadhaa mpaka 2022 dola moja ilikaa karibu na shilingi 2,300. Mwaka 2024 ilipita 2,600. Familia iliyokopa milioni 115 kulipa dola 50,000 kwa bei ya zamani, kama ilikuwa bado haijazinunua dola hizo, ilijikuta na pengo la zaidi ya milioni 15. Na kukatika kwa fedha, nimeshasema, ni kuongezeka kwa saa. Acheni akiba ya walau sehemu ya kumi ya ada ambayo haiguswi, au nunueni mapema dola za awamu inayofuata. Kubadilisha fedha zote kwa mkupuo na kuzipeleka chuoni si suluhisho, kwa sababu ya jambo linalofuata.

Chuo kikifungwa

Aprili 2023 chuo cha Tayside Aviation cha Dundee, Scotland, kilianguka, na wanafunzi waliokuwa wamelipa ada mbele wakabaki na risiti. Kilikuwa chuo kilichofundisha miongo mingi, katika nchi yenye usimamizi mkali. Vyuo vya urubani vina ndege za gharama na faida nyembamba. Ada zilizolipwa mbele zinaweza kuwa ndizo zinazonunua mafuta ya leo. Hivyo punguzo la asilimia kadhaa kwa anayelipa yote mara moja lina bei yake: unakuwa mkopeshaji wa chuo bila dhamana, kwa fedha uliyokopa kwa dhamana ya nyumba yako.

Iombeni benki ilipe chuo moja kwa moja kwa hatua: sehemu ya kwanza mtoto anapoanza, nyingine anapopata PPL, nyingine anapotimiza saa fulani, ya mwisho kabla ya mtihani wa vyombo. Na ijara ya huduma hapa ina faida nyingine isiyosemwa sana. Kama benki ndiyo iliyowauzia mafunzo, mna haki ya kuuliza: mafunzo yasipotolewa, nani anabeba hasara? Jibu liandikwe ndani ya mkataba.

Daktari kwanza, benki baadaye

Rubani wa biashara lazima awe na cheti cha afya cha daraja la kwanza, kinachotolewa na daktari wa anga aliyeidhinishwa, na kwa vijana hudumu miezi 12 kisha hupimwa upya. Macho, masikio, moyo, sukari, kifafa, kutofautisha rangi. Kijana anaweza kuishi miaka 19 bila kujua kwamba hatofautishi vizuri kijani na nyekundu, kwa sababu hapa kwetu hakuna aliyewahi kumuuliza. Nimesikitishwa kusikia wanafunzi waliopimwa baada ya ada kulipwa. Kipimo hicho ni sehemu ndogo mno ya gharama zote. Kifanyike kabla ya kitu kingine chochote, na kifanyike cha daraja la kwanza, si cha daraja la pili kinachotosha kwa PPL.

Bima ya mkopo ambayo benki hukukatia hufuta deni mkopaji akifariki au akipata ulemavu wa kudumu. Mara nyingi haimhusu rubani mzima wa afya aliyenyimwa cheti kwa ugonjwa unaodhibitiwa na vidonge. Kwa hilo ipo bima ya kupoteza leseni, ambayo ni kitu kingine.

Miaka ya katikati

Mikopo hii hufia katika miezi baada ya leseni. Kijana ana saa 200 na CPL. Mashirika mengi yanataka zaidi, kwa sababu zao na za kampuni za bima. Ndege kubwa inataka mafunzo ya aina hiyo ya ndege, ambayo nayo ni makumi ya maelfu ya dola kama unajilipia. Leseni ya juu kabisa, ile ya rubani wa mashirika, inataka saa 1,500. Safari za dakika 20 kati ya Unguja na Dar zinamfundisha kutua vizuri kuliko wengi, lakini daftari la saa linajaa polepole. Wengine wanakuwa wakufunzi kwanza. Wengine wanakaa nyumbani wakisubiri simu. Mwaka 2020 UVIKO-19 ilisimamisha ndege dunia nzima, na hata manahodha wenye maelfu ya saa walikuwa nyumbani.

Kipindi cha kutolipa, kwa hivyo, kihesabiwe kuanzia mwisho wa masomo na si mwanzo wake, na kiwe na walau mwaka mmoja wa kutafuta kazi ndani yake. Ikiwa benki haikubali, familia ijiulize swali moja bila kuoneana haya: tunaweza kulipa rejesho hili miezi 18 bila mtoto kuingiza shilingi? Jibu likiwa hapana, mkopo ni mkubwa mno kwa nyumba hii, leo.

Ndipo narudi kwenye PPL. Ushauri wangu ni kutokopa kwa ajili ya hatua ya kwanza kwa dhamana ya nyumba. PPL ilipwe kwa akiba, kwa mshahara wa mama, kwa mchango wa ukoo. Ni sehemu ndogo ya safari, lakini inatoa majibu ambayo hakuna benki wala mzazi anayeyajua kabla: kama kijana anaiweza ndege, kama tumbo lake linamruhusu, kama anaipenda akiwa peke yake juu ya mawingu au alipenda sare tu. Akiishia hapo, familia imepoteza fedha inayolipika. Akiendelea, anakwenda benki na leseni, saa zilizosainiwa na cheti cha afya, na afisa wa mikopo ana kitu cha kusoma zaidi ya ndoto.

Kuhusu mashirika yanayolipia mafunzo kwa mkataba wa kutumikia: soma ni miaka mingapi, na ukiondoka kabla unarudisha kiasi gani, kinapungua kila mwaka au kinabaki kile kile. Mkataba wa haki hupunguza deni kadiri unavyofanya kazi. Na angalia kama deni linakuwa lako hata shirika lenyewe likikuachisha.

Siku ikifika ambapo rejesho la mwezi ujao halionekani, nendeni benki mwezi huu. Kabla rejesho halijakatika, benki inaweza kupanga upya mkopo, kurefusha muda, kupokea riba au faida peke yake kwa miezi kadhaa. Deni likishapita siku 90 bila kulipwa linahesabiwa kuwa chechefu, faili linahamia meza nyingine, na kijana wa mikopo aliyekuwa akimwita baba "Mzee" hana tena mamlaka nalo. Nendeni na barua ya chuo, daftari la saa, maombi ya kazi yaliyotumwa na majibu yake. Na mtoto mwenyewe awepo, si mzazi peke yake.